Supamaketi za Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu bei, ubora na urahisi

Mwisho wa mwezi ukifika, maswali ni yaleyale: kazini, kanisani, kwenye chama, hata ndani ya matatu mtu akiona nimebeba mifuko. Wapi ni bei nafuu? Nyama ya wapi ni nzuri? Mbona risiti imekuja juu? Naishi Nairobi na ndiye ninayenunulia nyumba yetu ya watu watano, kwa hiyo majibu haya yametoka kwenye risiti na miguu yangu mwenyewe. Bei ninazotumia humu ni za mfano tu, za kuonyesha hesabu.

## Mambo ya kuanzia

Supamaketi gani ni ya bei nafuu kuliko zote?

Hakuna moja. Iliyo nafuu kwa mafuta ya kupikia wiki hii inaweza kuwa ghali kwa sabuni, na iliyo nafuu kwa jirani yako asiyenunua nyama huenda isiwe nafuu kwako. Anayekupa jina moja anakupa jina la pale anaponunua yeye. Kinacholinganishwa ni kapu lako, na swali linalofuata linaeleza namna.

Nilinganishe vipi basi?

Andika vitu ambavyo nyumba yako haikosi mwezi mzima. Kwetu ni kumi na viwili: unga wa mahindi, unga wa ngano, mchele, sukari, mafuta, maziwa, majani chai, ndengu, sabuni ya mche, sabuni ya unga, karatasi za choo na dawa ya meno. Pita kwenye supamaketi mbili au tatu ambazo tayari ziko njiani mwako, piga picha vibandiko vya bei, kisha ujumlishe nyumbani ukiwa umetulia.

Masharti ni matatu: chapa ileile, uzito uleule, wiki ileile. Ukilinganisha mchele wa pishori wa duka moja na mchele wa kutoka nje wa duka jingine, hujalinganisha kitu. Na usiamini hesabu ya siku moja, kwa sababu ofa moja ya mafuta inatosha kulifanya duka ghali lionekane rahisi. Rudia miezi mitatu. Mimi mara ya kwanza nilishangaa: duka nililokuwa nikilisifu kwa miaka lilikuwa la pili kwa ughali.

Mbona bei ya unga, mkate na maziwa inakaribiana kila mahali?

Kwa sababu hizo ndizo bei ambazo kila Mkenya anazijua kichwani. Pakiti ya unga ya kilo mbili ikipanda shilingi kumi, mtaa mzima unajua kabla ya jioni. Wenye supamaketi wanalijua hilo, hivyo hukubali faida ndogo sana hapo ili mguu wako uingie dukani, kisha wanaitafuta faida kwenye vitu ambavyo bei yake huikumbuki: viungo, biskuti, losheni, sponji, betri, vyombo vya plastiki.

Ndiyo maana kulipima duka kwa bei ya unga peke yake ni kujidanganya. Pima pia vitu vitatu vinne ambavyo watu hawavitazami. Hapo tofauti hujitokeza wazi.

## Majina yenyewe

Naivas, Quickmart, Carrefour na Chandarana zinatofautianaje?

Naivas na Quickmart zote zina mizizi upande wa Nakuru, ambako ndiko biashara ya supamaketi ya nchi hii ilikolelewa. Hata Nakumatt na Tuskys, supamaketi kubwa zilizokwisha kuanguka, zilitoka huko. Naivas ilianza mwaka 1990, na leo ndiyo yenye matawi mengi zaidi nchini: ilifikisha matawi 100 mwaka 2023. Nguvu yake ni kuwa karibu. Ukiteremka stendi ya mitaa mingi, iko. Quickmart ilianza mwaka 2006, baadaye ikaunganishwa na Tumaini, na imejijengea jina kwa vyakula vibichi, mkate wa kuokwa pale pale na matawi yanayokesha saa 24.

Carrefour ni jina la Kifaransa, lakini hapa linaendeshwa na Majid Al Futtaim ya Dubai. Ilifungua tawi la kwanza The Hub, Karen, mwaka 2016, kisha ikaingia kwenye nafasi kubwa zilizoachwa na Nakumatt, kama pale Thika Road Mall (TRM). Matawi yake mengi yako ndani ya majumba makubwa ya maduka, kwa hiyo ni duka la safari maalumu. Ofa zake huwa kali, na ina bidhaa zake zenye jina la Carrefour. Chandarana, iliyoanza mwaka 1964, ni ya mtu anayetafuta jibini, viungo vya Kihindi, vitu vya kutoka nje na utulivu. Si hapo ungejazia kapu la mwezi kama unahesabu shilingi.

Usizisahau ndogo. Cleanshelf, Magunas, Eastmatt na nyinginezo za mitaani zina kodi nafuu ya jengo, na kwa bidhaa kavu mara nyingine huzishinda kubwa zote.

Je, matawi ya jina moja yana bei moja?

Mara nyingi ndiyo kwa bidhaa za pakiti, si mara zote. Vyakula vibichi hutofautiana zaidi. Na hata bei ikiwa sawa, tawi la mtaa wa wafanyakazi hujaza pakiti ndogo na chapa za bei ya chini, la kule kwa wenye nafasi hujaza kinyume chake. Ukienda tawi la pili, mkono wako utachukua vitu vya ghali bila wewe kujua, kwa sababu ndivyo vilivyo usawa wa macho. Tazama rafu za chini.

## Bei, hadi senti

Nawezaje kujua pakiti ipi ni nafuu kweli?

Gawa bei kwa uzito. Simu yako ina kikokotoo, itumie bila haya. Tuseme pakiti ya maziwa ya mililita 500 ni shilingi 60, na nyingine ya mililita 400 ni shilingi 50. Ya pili inaonekana imekuokolea kumi. Kwa lita, ya kwanza ni 120 na ya pili ni 125. Nyumba inayomaliza lita mbili kwa siku itapoteza shilingi 300 kwa mwezi huku ikiamini inaokoa.

Hili limekuwa jambo zito kwa sababu pakiti zinapungua kimyakimya. Maziwa tuliyozoea ya 500 sasa yana ndugu wa 450 na 400, wenye pakiti inayofanana nao kabisa. Karatasi za choo ni mbaya zaidi: idadi ya roli inabaki, idadi ya vipande ndani ya kila roli inashuka. Nepi za watoto hesabu kwa moja moja, kamwe si kwa pakiti. Dawa ya meno, sabuni ya kuogea, majani chai: geuza, soma gramu.

Pia usidhani pakiti kubwa ni nafuu daima. Nimekuta kilo mbili za sukari zikiuzwa ghali kuliko kilo moja mara mbili, kwa sababu ile ya kilo moja ilikuwa kwenye ofa na hakuna aliyebandika kitu kwenye ile kubwa.

Ofa ni za kweli?

Nyingi ni za kweli kwa bidhaa iliyo kwenye picha. Mafuta ya lita tatu yaliyoshushwa yameshushwa kweli, na ukiweza, nunua ya miezi miwili. Tatizo ni kile unachobeba pamoja nayo. Umeingia kwa ajili ya mafuta, umetoka na toroli.

Ofa ya kuchunguza ni ile ya “nunua viwili, pata kimoja”. Jiulize kama ungenunua viwili. Na bidhaa inayoharibika, kama mtindi, angalia tarehe kwanza, maana ofa nyingine ni njia ya duka kumaliza kilichobakiza siku chache (tazama swali la tarehe hapa chini).

Kadi za pointi zina faida?

Zina faida kidogo, na ni bure, kwa hiyo chukua. Ila usibadilishe duka kwa sababu ya pointi, na usizilimbikize. Nakumatt ilipoanguka, pointi zilizokuwa kwenye kadi za wateja zilibaki namba tu. Zikifika kiasi cha kutosha kununua kitu, zitumie. Vocha za zawadi vilevile: ni pesa yako iliyo mfukoni mwa mtu mwingine.

Bei ya rafuni ni tofauti na ya kaunta. Nifanyeje?

Simama hapo hapo, kabla ya kulipa, umwombe keshia amwite msimamizi. Kama ulipiga picha kibandiko, mjadala unakwisha kwa dakika moja. Katika duka moja, ambalo sitalitaja, niliwahi kulipa shilingi 85 zaidi kwa mafuta kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na niliona aibu kuwachelewesha watu. Nikagundua nyumbani. Tangu siku hiyo naisoma risiti nikiwa bado ndani, kando ya mlango, kabla mlinzi hajaipiga muhuri.

Mara nyingi hapana ubaya uliokusudiwa: bei imebadilishwa kwenye kompyuta asubuhi, kibandiko hakijabadilishwa. Lakini kosa hilo nadra sana humfaidi mteja. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa, na bei ni habari ya kwanza kabisa. Dai bei uliyoonyeshwa, kwa upole, bila kumkaripia keshia ambaye hakuipanga yeye.

Bidhaa zenye jina la supamaketi yenyewe ni duni?

Hapana. Nyingi hutengenezwa na viwanda vilevile vinavyotengeneza chapa unazozijua. Unachokosa ni gharama ya matangazo. Chumvi, karatasi za choo, maji, tambi na dawa ya kusafishia sakafu nachukua bila wasiwasi. Majani chai na sabuni ya unga jaribu pakiti ndogo kwanza, ulimi na nguo zitakuambia.

Duka la jumla au la mtaani si nafuu zaidi?

La jumla, ndiyo, kama una pesa za kutoa kwa mkupuo. Nyamakima, mtaa wa maduka ya jumla katikati ya Nairobi, kwa nafaka hakuna supamaketi inayouweza: maharagwe, ndengu, njugu, mchele wa kupima. Majirani wanne wakichanga gunia la sukari la kilo 50, kila mmoja anaondoka na kilo 12 na nusu kwa bei ya jumla, na mzigo mnaulipia mara moja.

Duka la mtaani ni hesabu nyingine. Kipimo kidogo cha mafuta au sukari hugharimu zaidi kwa lita au kwa kilo, lakini hakuna nauli, mwenye duka anakujua, na siku mfuko umekauka atakuandika kwenye daftari. Supamaketi haikopeshi. Faida hiyo haionekani kwenye risiti, lakini imelisha watoto wengi.

## Ubora

Mboga na matunda ninunue supamaketi au sokoni?

Sokoni, au kwa mama mboga, karibu kila mara. Sukuma wiki ya mama mboga ilikuwa soko kuu la Marikiti alfajiri ile ile. Ya kwenye jokofu la supamaketi haina uhakika huo. Mama mboga anakukatia, anakuongezea majani mawili, na nyanya unachagua moja moja: za kupika leo kando, za keshokutwa kando. Kwa Mombasa, soko la Kongowea ni hadithi hiyo hiyo.

Supamaketi inashinda kwa vitu vitatu: mizani ya kuaminika, vitu ambavyo sokoni ni adimu kama uyoga, na siku za mvua kubwa ambapo soko ni tope na bei imeruka. Siku nyingine, msaidie mama mboga.

Na nyama?

Mwaka 2019 uchunguzi wa televisheni uliwashtua watu ulipoonyesha kemikali za kuhifadhi zikitumiwa kuifanya nyama ya baadhi ya supamaketi ionekane nyekundu na mbichi. Tangu hapo wengi huuliza swali hili kwa hofu, na hofu hiyo ina msingi.

Nyama mbichi halisi hubadilika rangi. Ikiwa nyekundu ya kung’aa siku nzima, na kila kipande kina rangi moja kama kimepakwa, iache. Uliza imeingia lini, nusa, tazama kama kuna maji mengi chini ya sinia. Nyama ya kusaga usinunue iliyokwisha kusagwa: chagua kipande, isagwe ukiona. Buchari ya mtaa yenye wateja wengi, ambako nyama huisha jioni na imepigwa muhuri wa mkaguzi, ni chaguo zuri. Kuku wa kugandishwa na samaki wa kugandishwa nanunua supamaketi, mradi pakiti haina barafu nyingi ndani, dalili kwamba imeyeyuka ikagandishwa tena.

Unga wa bei ya chini ni salama?

Hapa usitafute akiba kwa kubahatisha. Sumukuvu (aflatoksini), sumu ya kuvu wa nafaka, haionekani, haina harufu na haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 iliua watu 125 huku Ukambani, waliokula mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Novemba 2019 KEBS, shirika la viwango la Kenya, ilisimamisha chapa tano za unga zilizozidi kiwango kinachoruhusiwa, na zilikuwa zinauzwa kwenye rafu za kawaida kabisa. Jina kubwa la duka halikuwa kinga.

Angalia alama ya ubora ya KEBS na namba ya kibali chini yake, epuka pakiti iliyowahi kulowa, na fuatilia matangazo ya chapa zilizosimamishwa. Ukisagisha mwenyewe posho mill, chambua mahindi, tupa yaliyooza na yaliyovunjika, hakikisha yamekauka.

Bidhaa iliyokaribia tarehe ya mwisho na kushushwa bei, ninunue?

Kama utaitumia leo au kesho, ndiyo. Mkate wa jana kwa nusu bei ni mkate mzuri wa kuchoma. Maziwa ya kubakiza siku moja yapikie chai jioni ile. Kopo lililovimba au lenye kutu, hata likiwa bure, liache.

## Urahisi

Inafaa kupanda matatu kwenda supamaketi ya bei nafuu?

Fanya hesabu mara moja, uijue. Tuseme kapu la shilingi 4,000 linakuokolea 180. Nauli ni 50 kwenda na 50 kurudi, na kwa sababu umebeba mzigo, bodaboda kutoka stendi ni 100. Umepoteza shilingi 20 na mchana mzima. Kama duka hilo liko njiani ukitoka kazini, hesabu inageuka.

Ongeza pia mifuko. Tangu Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, ile ya kaunta unailipia. Weka mmoja kwenye mkoba daima, au beba kiondo.

Kuagiza kwa simu je?

Linganisha bei ya kwenye programu na bei ya rafuni, maana zinaweza kutofautiana, kisha uongeze ada ya kuletewa. Kwa mgonjwa, mzee, au mama aliyejifungua juzi, ada hiyo ni halali kabisa. Mboga na nyama usiagize: anayekuchagulia hana macho yako.

Foleni hupungua lini?

Jumanne na Jumatano, kabla ya saa tano asubuhi. Epuka tarehe za mshahara na Jumamosi jioni.

## Hali zisizo za kawaida

Rafu za duka langu zinaanza kuwa tupu. Niwe na wasiwasi?

Ndiyo. Supamaketi huchukua mali kwa wauzaji kwa mkopo na kuwalipa baadaye. Ikishindwa kulipa, wauzaji husitisha kuleta, na wa kwanza kuondoka ni wale wenye bidhaa zinazokwenda haraka: maziwa, mkate, unga, sukari. Ndivyo Nakumatt ilivyokwenda. Ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne za Afrika Mashariki. Kufikia 2017 ungekuta rafu nzima imepangwa kitu kimoja, safu ya mbele tu, nyuma ukuta. Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Tuskys ikafuata njia hiyo hiyo mwaka huo huo.

Walioumia zaidi hawakuwa sisi wateja. Walikuwa wafanyakazi waliokaa bila mshahara, na wafugaji na wasindikaji wadogo waliopeleka mali wasilipwe. Ukiona dalili hizo, tumia pointi na vocha zako wiki hiyo, na bidhaa yenye dhamana, kama friji, inunue kwingine.

Nimeuziwa kitu kibovu, na kibao kinasema bidhaa zikiuzwa hazirudishwi.

Kibao hakishindi Katiba. Kifungu kile kile cha 46 kinataja bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Rudi na risiti siku hiyo hiyo au kesho yake, na kitu chenyewe kikiwa katika pakiti yake. Kubadilisha nia ni jambo jingine. Hapo ni hiari ya duka.

Niko Dar es Salaam. Haya yananihusu?

Njia ya kulinganisha ni ile ile, mazingira ni tofauti. Shoprite iliuza maduka yake kwa Nakumatt mwaka 2014, Uchumi ikaondoka 2015, Nakumatt nayo ikaanguka, na mnunuzi wa kawaida amebaki na soko, duka la jumla na duka la Mangi, yaani duka dogo la mtaani. Supamaketi huko iache kwa bidhaa za kutoka nje na vitu vya kugandishwa.

Nina shilingi 500 tu hadi Ijumaa. Niende wapi?

Unga nunua supamaketi iliyo karibu, kwa sababu hapo faida yao ni ndogo (tazama swali la unga, mkate na maziwa juu kabisa). Mafuta nunua ya kupima, na uende na chupa yako safi na kavu. Uliza bei ya robo lita kwenye maduka mawili, hutofautiana. Maziwa, kama mtaa wenu una ATM ya maziwa, mashine ya kuuza maziwa ya kupima, chukua ya shilingi unayoweza, uyachemshe mara moja. Ndengu nusu kilo kwa muuza nafaka zitakwenda siku mbili. Sukuma nenda kwa mama mboga saa moja jioni, akianza kufunga kibanda. Fungu la mwisho huwa kubwa, na kitunguu kimoja atakuwekea juu.